Kwa nini chura mwenye jenomu maradufu hana kinga maradufu

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa kidato cha sita mjini Tabora. Anaeleza kwamba wanafunzi wake walivua kwa chandarua vyura wa majini wenye kucha katika madimbwi yaliyo kando ya njia ya kuelekea bwawa la Igombe, wakasoma kwamba vyura wa jamii hiyo wana jenomu (yaani seti nzima ya DNA) iliyorudufiwa, kisha wakamuuliza hivi: "Ikiwa kila jeni ya kinga ipo mara mbili, je, kinga yao ina nguvu mara mbili? Na kama haina, nakala za ziada zimekwenda wapi, hasa za zile jeni zinazopeleka habari ya hatari kutoka juu ya seli hadi kwenye kiini chake?"

Mwalimu, jibu la sehemu ya kwanza ni hapana. Sehemu ya pili ndiyo yenye mambo, kwa sababu nakala hizo za ziada hazikupatwa na jambo moja. Baadhi zilipotea kabisa, baadhi zimeharibika na kubaki magofu ndani ya DNA, na nyingi zimebaki zote mbili na zinafanya kazi mpaka leo. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi uliopo, kinachoamua hatima ya jeni ya kinga ni nafasi yake katika safari ya ishara. Jeni zinazosimama mwishoni, pale ambapo seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazokagua seli nyingine, huamua nani auawe na nani aachwe, zimerudi kuwa moja. Jeni za katikati, zinazopokezana ishara ndani ya seli, zina mwelekeo wa kubaki pachapacha. Zile za mwanzo kabisa, zinazokutana na vimelea uso kwa uso, hazikuusubiri urudufu wa jenomu nzima, kwa kuwa zina njia zao za kuongezeka na kupungua kila wakati.

Kwanza vyura wenyewe. Jenasi Xenopus inatambulika kwa urahisi: hawana ulimi, ngozi yao inateleza kuliko ya chura wa kawaida, na vidole vitatu vya ndani vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Tanzania inao Xenopus muelleri na Xenopus victorianus, na wote wawili wana kromosomu 36, sawa na Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi maabarani. Ndugu yao Xenopus tropicalis, wa misitu ya Afrika Magharibi, ana 20 tu. Mwanafunzi makini atauliza mara moja kwa nini mara mbili ya 20 isiwe 40. Ni kwamba katika ukoo wa laevis, kromosomu mbili ambazo kwa tropicalis ni ya 9 na ya 10 ziliungana zikawa moja. Kila mzazi wa kale akawa na jozi 9, na 9 mara mbili ni jozi 18.

Nimesema mzazi wa kale, na neno hilo lina uzito. Mwaka 2016 kundi kubwa la watafiti wa Marekani na Japani, wakiwamo Daniel Rokhsar, Richard Harland na Masanori Taira, lilichapisha jenomu ya Xenopus laevis na kuonyesha kwamba urudufu wake haukutokana na chura mmoja aliyekosea kugawanya kromosomu zake. Ulitokana na uchotara. Spishi mbili zilizokuwa zimetengana miaka takribani milioni 34 iliyopita zilizaliana tena miaka milioni 17 au 18 iliyopita, na chotara aliyepatikana akabaki na seti kamili kutoka kila upande. Ushahidi wake ni wa kuvutia: ndani ya DNA ya chura huyu kuna masalia ya vipande vinavyohamahama, yaani transposoni, ambavyo vingine vinapatikana katika kromosomu za seti moja tu na vingine katika seti ya pili tu. Vipande hivyo viliingia kila upande wakati spishi hizo zilipokuwa mbalimbali, navyo vimebaki kama chapa ya ukoo. Watafiti wakaziita seti hizo L na S, kwa kuwa kromosomu za kwanza ni ndefu kidogo kuliko za pili. Spishi zile hazipo tena duniani zikiwa peke yao. Tunazijua kupitia kizazi chao tu, na vyura wa Tabora wamerithi tukio hilohilo, kwa kuwa lilitokea kabla ya laevis, muelleri na victorianus kuachana.

Ninakaa kidogo kwenye uchotara huu kwa sababu vitabu vingi hueleza urudufu kama vile nakala mbili zilianza zikiwa sawasawa, kisha zikatofautiana polepole. Kwa vyura hawa haikuwa hivyo. Siku chotara wa kwanza alipoanguliwa, nakala zake mbili za kila jeni zilikuwa tayari zimeishi mbalimbali kwa miaka ipatayo milioni 16. Kwa jeni ya kutengeneza msuli huenda tofauti hiyo haikuwa na maana kubwa, lakini jeni za kinga ni miongoni mwa zile zinazobadilika haraka zaidi katika wanyama wenye uti wa mgongo, kwa kuwa vimelea navyo hubadilika. Kwa hiyo mwili mmoja ulipokea mifumo miwili ya kinga, kila mmoja ukiwa umezoea magonjwa ya mahali pake. Kipokezi (protini inayopokea ishara juu ya seli) cha upande wa L kilipaswa kuelewana na saitokini (protini ya ishara kati ya seli za kinga) ya upande wa S, na kinyume chake, ilhali viwili hivyo havikuwa vimekutana kwa muda mrefu sana. Mahali ambapo vilielewana vibaya, nakala moja ilikuwa na sababu ya kuondoka mapema.

Uchotara huenda pia ulileta faida ya papo kwa papo. Joseph Jackson na Richard Tinsley, walioshughulika kwa miaka mingi na minyoo bapa wa Protopolystoma wanaoishi katika kibofu cha mkojo cha vyura hawa, walionyesha kwamba minyoo hao hupata shida kuwaambukiza baadhi ya chotara wa Xenopus. Kimelea aliyezoea kufuli la spishi moja hukuta ghafla makufuli mawili. Wakauliza kama ustahimilivu huo ndio uliowasaidia chotara wa kale kudumu mpaka wakawa spishi kamili. Mimi naiona ni dhana nzuri, ila inaeleza vizazi vya mwanzo tu. Haielezi hali ya baada ya miaka milioni 17, kwa kuwa kimelea naye hakulala.

Sasa tuje kwenye hesabu. Katika jenomu ya Xenopus laevis, asilimia 56 hivi ya jeni zimebaki katika nakala mbili, na zilizobaki zimerudi kuwa moja. Hasara haikugawanywa sawa: seti ya S imepoteza jeni nyingi zaidi na kromosomu zake zimevurugika zaidi, wakati L imetulia na bado inafanana kwa mpangilio na kromosomu za tropicalis. Aina ya kazi nayo imechangia. Jeni zinazoongoza jeni nyingine, na zile zinazopokezana ishara wakati kiinitete kinapojijenga, zimebaki pacha kwa kiwango kikubwa kuliko wastani. Zile za kurekebisha DNA iliyoharibika zimerudi kuwa moja mara nyingi zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jeni ya kinga iliyokataa kuwa pacha ni MHC ya daraja la kwanza. Protini yake hukaa juu ya karibu kila seli ya mwili na kushikilia vipande vidogo vya protini zilizotoka ndani ya seli hiyo, ili seli T zinazopita zivikague. Seli iliyoingiliwa na virusi huonyesha pia vipande vya virusi, na seli T ikivitambua huiua. Kwa kuwa kazi hii ni muhimu sana, mtu angetarajia chura mwenye nafasi mbili za MHC azishikilie kwa nguvu zote, maana aina nyingi za MHC zingeweza kuonyesha vipande vya aina nyingi zaidi. Hata hivyo Xenopus laevis, pamoja na kromosomu zake 36, ana jeni moja tu ya MHC ya daraja la kwanza ya kawaida inayofanya kazi, kama vile angekuwa hajawahi kurudufiwa.

Louis Du Pasquier na Hans Rudolf Kobel, waliofanya kazi Uswisi, walilikabili jambo hili kwa namna ninayoipenda sana. Walitengeneza maabarani vyura chotara wapya wenye seti nyingi za kromosomu, kisha wakaangalia MHC zao. Katika vyura hao wapya, MHC za wazazi wote zilifanya kazi kwa pamoja bila kunyamazishana. Katika spishi za asili zenye seti nyingi zilizopatikana zamani, kazi ilikuwa imerudi kwenye kiwango cha chura wa kawaida. Hii ina maana kwamba kunyamaza kwa nakala ya pili hakutokei siku ya urudufu. Kulikuja baadaye, kizazi baada ya kizazi, kwa uteuzi wa asili au kwa kuachiliwa tu ziharibike.

Kwa nini iwe hivyo? Maelezo yanayokubaliwa na wengi yanatoka katika tezi ya thaimasi, mahali seli T zinapokomazwa. Humo, kila seli T changa hujaribiwa dhidi ya MHC za mwili wenyewe zikiwa zimebeba vipande vya mwili wenyewe, na ile inayozishika kwa nguvu mno huuawa, kwa sababu ikiachwa itaushambulia mwili. Aina za MHC zikiongezeka, mitihani inaongezeka na seli zinazofeli zinaongezeka pia. Ikifika mahali, faida ya kuonyesha vipande vingi zaidi inaliwa na hasara ya kubaki na seli T chache za kuviangalia. Chura ni mnyama ambaye hesabu hii inambana kuliko sisi, kwa kuwa kiluwiluwi ni mdogo na ana seli T chache mno tangu mwanzo, na kila moja inayopotea inahesabika.

Ukiishia hapo utadhani vyura hawa wanaogopa kuwa na jeni nyingi za aina hii. Kumbe wanazo nyingine, ziitwazo XNC, zinazofanana na MHC ya daraja la kwanza kwa umbo bila kufuata kanuni zake zote, na katika Xenopus laevis zipo zaidi ya 20. Hizi hazikutoka kwenye ule urudufu wa jenomu nzima. Ziliongezeka papo hapo kwenye kromosomu, moja ikijinakili kando ya mwenzake. Kundi la Jacques Robert katika chuo kikuu cha Rochester, Marekani, lilionyesha mwaka 2013 kwamba mojawapo, XNC10, inahitajika ili lipatikane kundi maalumu la seli T ambazo kipokezi chao hakibadilikibadiliki, na kwamba bila seli hizo viluwiluwi hushindwa mapema na virusi vya ranavirus viitwavyo FV3. Kiluwiluwi, ambaye MHC yake ya kawaida bado iko chini sana, huziegemea kwa kiasi kikubwa seli za namna hii. Jeni hiyo imehifadhiwa kwa makini katika spishi mbalimbali za Xenopus, jambo lisilo la kawaida kwa jeni za kundi hili.

Twende sasa katikati, kwenye jeni zile hasa mlizouliza. Bakteria anapogusa kipokezi cha aina ya Toll juu ya seli, kipokezi hicho hakina uwezo wa kufika kwenye kiini. Kinaiita protini MyD88, nayo inaziita protini za IRAK, nazo zinaiamsha TRAF6, na kupitia hatua nyingine kadhaa protini NF-kB inafunguliwa kutoka kwenye kizuizi chake, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe na za saitokini. Vipokezi vya Toll ni vingi na kila kimoja kina windo lake, lakini karibu vyote hupitia MyD88, na hata kipokezi cha interlukini ya 1, ambacho si cha Toll, hupitia hapohapo. Wanafunzi wako wataielewa hali hii kwa kutazama reli ya mjini kwao: treni ya Kigoma na treni ya Mwanza huachana Tabora, kwa hiyo kituo cha Urambo kikifungwa abiria wa Shinyanga hana habari, lakini Tabora ikifungwa pande zote mbili zinakwama. Jeni kama MyD88 ni kituo cha njiapanda, na uteuzi wa asili haucheki na kasoro ya njiapanda.

Lakini umuhimu peke yake hauelezi kwa nini nakala mbili zibaki, kwa kuwa MHC nayo ni muhimu na imerudi kuwa moja. Jambo lenye nguvu zaidi ni uwiano. Protini hizi za katikati hufanya kazi kwa kushikana, na idadi ya moja inapimwa dhidi ya idadi ya nyingine. Chukua NF-kB na kizuizi chake IkB. Jenomu nzima iliporudufiwa, vyote viwili viliongezeka kwa pamoja na uwiano ukabaki vilevile. Tuseme baadaye nakala moja ya kizuizi inapotea huku nakala zote mbili za NF-kB zikibaki. Sasa mwashaji ni wengi kuliko mzuiaji, na seli inaweza kuwaka bila adui. Ikipotea nakala moja ya NF-kB, seli inachelewa adui anapofika. Kwa hiyo kila mwanachama wa kundi anamlinda mwenzake asipotee, na kundi zima linabaki pacha kwa muda mrefu hata kama hakuna nakala yoyote iliyopata kazi mpya. Ndiyo maana urudufu wa jenomu nzima na urudufu wa jeni moja huleta matokeo ya kinyume: jeni ya katikati ikijinakili peke yake huleta vurugu na huondolewa, ikinakiliwa pamoja na wenzake wote hubaki.

Ulinzi huu si wa milele. Nakala mbili zinaweza kugawana kazi, wazo lililopewa sura kamili mwaka 1999 na Allan Force, Michael Lynch na wenzao. Jeni moja ya kale huenda iliwashwa katika wengu na katika ngozi, kila mahali kwa swichi yake kwenye DNA iliyo jirani. Nakala ya L ikiharibikiwa swichi ya ngozi, na ya S swichi ya wengu, hakuna inayoweza kuondoka tena, kwa sababu kila moja sasa ina kazi ambayo mwenzake haiwezi. Hakuna aliyepata ujuzi mpya hapo, wote wawili wamepungukiwa, na bado jozi imefungwa pamoja. Katika Xenopus laevis jozi nyingi za L na S zinaonekana kutumika kwa viwango tofauti katika viungo tofauti, na kwa wastani nakala ya L hutumika zaidi kidogo ya ile ya S katika chura mzima. Ukikuta kitabu kinachosema urudufu ni karakana ya kuvumbua kazi mpya, kipokee kwa tahadhari. Susumu Ohno, aliyelipa wazo hilo nguvu mwaka 1970, alikuwa na haki kwamba nakala ya ziada hupata uhuru wa kubadilika, lakini mara nyingi uhuru huo huishia kwenye kuharibika.

Mfano wa kuharibika upo ndani ya kinga yenyewe. RAG1 ni jeni inayokata na kuunganisha vipande vya DNA ili kila seli T au seli B (ile inayotengeneza kingamwili) ipate kipokezi chake cha pekee, na mnyama asiyekuwa nayo hana kinga ya aina hiyo hata kidogo. Ben Evans na wenzake walipoifuatilia katika spishi nyingi za Xenopus walikuta kwamba katika baadhi yao nakala mojawapo imejaa alama za kusimamisha usomaji kabla ya wakati, yaani imekufa, huku nyingine ikiwa nzima. Unyeti wa kazi haukuiokoa nakala ya pili, kwa sababu moja nzima inatosha.

Kwenye ukingo wa nje mambo huenda mbio, na hapo urudufu wa jenomu nzima unaonekana mdogo. Chukua intaferoni, ishara ambayo seli iliyoingiliwa na virusi huwatumia majirani zake. Vyura wa Xenopus wana intaferoni za aina ya kwanza zenye introni (vipande vya ndani ya jeni vinavyokatwa wakati ujumbe wake wa RNA unapoandaliwa), kama za samaki, na pia wana zisizo na introni, kama za ndege na mamalia. Zisizo na introni zilipatikana kwa njia ya mzunguko: ujumbe wa RNA, ambao introni zake zilikuwa zimekwisha kukatwa, uligeuzwa tena kuwa DNA na kupachikwa mahali pengine katika jenomu. Ni njia inayoweza kutoa jeni nyingi za ishara katika ukoo mmoja bila kuigusa jenomu iliyobaki. Hali kadhalika kwa sumu ndogo za ngozini zinazoua vijidudu, kama zile magainini ambazo Michael Zasloff alizigundua mwaka 1987 katika ngozi ya Xenopus laevis. Jeni za namna hii huongezeka na kupotea kwa haraka kiasi kwamba spishi mbili za karibu huwa na orodha zisizofanana.

Ili wanafunzi wasidhani kwamba habari hii ni ya vyura peke yao, waonyeshe protini za JAK, zinazopokea ishara kutoka kwenye vipokezi vya intaferoni na vya saitokini nyingi. Binadamu ana nne: JAK1, JAK2, JAK3 na TYK2. JAK1 iko kwenye kromosomu ya 1, JAK2 kwenye ya 9, na mbili zilizobaki kwenye ya 19, na maeneo hayo ni miongoni mwa yale ambayo mpangilio wake wa jeni unafanana na eneo la MHC lililo kwenye kromosomu yetu ya 6. Mfanano huo ni masalia ya urudufu wa jenomu nzima uliowapata mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Baada ya muda huo wote, JAK zetu hazifanyi tena kazi moja: anayezaliwa bila JAK3 inayofanya kazi hukosa seli T, wakati JAK2 inahitajika katika kutengeneza chembe nyekundu za damu. Vyura wa Tabora wanazo jeni za ukoo huohuo, kisha juu yake wakaongezewa urudufu wao wenyewe. Tunapowaangalia tunaona mwanzo wa safari ambayo sisi tuko mbali sana ndani yake.

Jinsi ishara mbili zinazotumia mlango mmoja zinavyoweza kuachana kwa matokeo inaonekana vizuri katika makrofaji, seli zinazomeza vijidudu. CSF1 na interlukini ya 34 ni ishara mbili zinazokishika kipokezi kilekile. Leon Grayfer na Jacques Robert walizikuza seli za Xenopus kwa kila moja kati ya hizo, wakapata makrofaji wa aina mbili: waliokuzwa kwa CSF1 waliambukizwa na FV3 kwa urahisi, na waliokuzwa kwa interlukini ya 34 waliistahimili. Idadi ya ishara ni mbili, lakini ulinzi haukuongezeka mara mbili. Kilichopatikana ni chaguo, na chaguo moja lina gharama.

Labda wanafunzi watarudi kwenye ugonjwa wa kuvu uliowaua vyura wengi duniani, unaosababishwa na Batrachochytrium dendrobatidis, kuvu iliyoelezwa rasmi mwaka 1999. Tanzania inaijua hasara yake: chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, na kuvu hiyo ilitajwa kati ya sababu pamoja na kupungua kwa maji baada ya bwawa la umeme kujengwa. Xenopus laevis kwa kawaida hubeba kuvu hiyo bila kuugua sana. Ni rahisi kuunganisha mambo haya mawili na kusema kwamba urudufu ndio uliomwokoa, lakini siwezi kuunga mkono kauli hiyo. Xenopus tropicalis, asiyerudufiwa, hustahimili kuvu hiyo vizuri kwenye joto la nyuzi 26 na kuelemewa kwenye nyuzi 18, kwa hiyo halijoto inaweza kubadili matokeo hata bila kugusa idadi ya jeni. Isitoshe, maabara ya Louise Rollins-Smith katika chuo kikuu cha Vanderbilt imeonyesha kwamba kuvu hii hutoa vitu vinavyodhoofisha na kuua limfosaiti (kundi la seli za kinga lenye seli T na seli B), na inapofika hapo, wingi wa nakala za jeni ndani ya limfosaiti hausaidii kitu.

Ukitaka kuona urudufu ukiendelea mbele zaidi, tazama kaskazini ya Kigoma, katika nyanda za juu za Ufa wa Magharibi. Xenopus vestitus na Xenopus wittei wa maeneo hayo wana kromosomu 72, na Xenopus ruwenzoriensis wa mpakani mwa Uganda na Kongo ana 108. Katika huyo wa mwisho, idadi ya MHC za daraja la kwanza zinazotumika ni ndogo kuliko ile ambayo kromosomu zake zingeruhusu, jambo linalokubaliana na yale tuliyoyaona kwa laevis. Kwa maoni yangu hapo ndipo jibu la swali lenu litakapopimwa kwa ukali zaidi. Kama hoja ya uwiano ni sahihi, jeni za katikati za spishi hizo zinapaswa kuonekana zikibaki au zikipotea kwa makundi mazima. Zikipotea mojamoja bila mpangilio, itabidi hoja hiyo ilegezwe.

Kwa zoezi la darasani, huhitaji maabara. Hifadhidata ya Xenbase iko wazi bila malipo, na jeni za Xenopus laevis zimeandikwa humo zikiwa na herufi L au S baada ya nukta mwishoni mwa jina. Wagawe wanafunzi makundi matatu: kundi la kwanza litafute jeni za vipokezi na intaferoni, la pili jeni za katikati kama myd88, traf6, jak1 na stat1, na la tatu jeni za MHC. Kila kundi liandike ni jeni zipi zina L na S, zipi zina L peke yake, na zipi zimerundikana kadhaa kwenye kromosomu moja. Waonye mapema kwamba kukosekana kwa nakala kwenye orodha kunaweza kuwa upungufu wa usomaji wa jenomu, hasa pale palipo na jeni nyingi zinazofanana. Kabla ya kuandika kwamba jeni imepotea, walinganishe majirani zake kwenye kromosomu pacha: majirani wakiwapo wote kwa mpangilio na yeye hayupo, hapo wanaweza kuandika hivyo kwa wino.